Yuda Asiye na Mikono

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Sauti yenyewe ni ndogo, hewa tu inayopita kati ya meno yaliyobanwa. Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya majivu, nimeinamisha kichwa, najitahidi kuyawaza mauti kama inavyotakiwa, mtoto mmoja nyuma yangu akapuliza "sss" na mgongo wangu wote ukaganda. Padri alinipaka majivu nikiwa nimegeuza shingo. Sasa ni jioni na bado naisikia.

Watoto wa kichochoro chetu wameshikwa na mchezo huo tangu Krismasi. Wanakunyatia kwenye foleni ya tortiya, chapati za mahindi, wanapuliza, halafu wanajitupa chini kama waliopasuka. Wanamwigiza kripa, mnyama wa kijani wa kwenye mchezo wa kompyuta wa matofali. Hana mikono. Ana miguu minne mifupi na mdomo ulioshuka kama wa mtu aliyefiwa. Kwenye mchezo unajenga nyumba wiki nzima, tofali juu ya tofali, naye anakuja bila kishindo. Ukiisikia ile sauti ujue ameshafika. Anapasuka, anakufa yeye, na kuta zako zinakwenda naye.

Nafundisha fasihi kwenye shule ya sekondari, nimesoma kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na bado naucheza mchezo huo wa watoto. Sioni aibu. Humo ndimo ninamompata dada yangu.

Ijumaa, 20 Februari

Upepo na vumbi. Baba amechemsha gundi ya unga, nyumba nzima inanuka mkate uliochacha. Dagaa wa kukaanga, kama kila Ijumaa ya Kwaresima.

Jumapili, 22 Februari

Naandika haya ili baadaye nisijidanganye kwamba mambo yalikuwa mengine.

Baba anatengeneza mayuda, wale watu wa karatasi na matete wanaotundikwa juu ya barabara Jumamosi Takatifu na kulipuliwa kwa fataki ili msaliti apate haki yake kila mwaka. Viwiliwili ni vya Baba. Nyuso zilikuwa kazi ya Otilia. Dada yangu alikuwa anaweza kuchora jicho ambalo watu wazima walilikwepa. Mwaka jana, katikati ya Kwaresima, aliondoka kwenda mji wa Monterrey, mbali kaskazini, na dereva wa lori, akaacha vichwa vitupu vimepangwa ukutani. Baba alivichora mwenyewe, vibaya, na Jumamosi Takatifu Yuda mkubwa kuliko wote alitoka uani kwetu amevaa gauni la njano la Otilia. Watu walicheka. Mtu akachukua video, ikamfikia Otilia kabla moshi haujatawanyika.

Tangu siku hiyo hawajasemezana. Simu yangu pia haipokei, kwa kuwa anajua Baba yuko upande wa pili wa ukuta. Tunakutana kwenye mchezo tu, ndani ya dunia tuliyoifungua tukiwa wasichana, ambayo ufunguo wake, neno la siri, tunao sisi wawili. Juu ya kilima tumejenga upya jiko la Mama, lile la nyumba iliyobomolewa na tetemeko. Yeye anakumbuka rangi, mimi nakumbuka vipimo. Tunasimama humo tunaandikiana kando ya skrini. Kuna siku hatuandiki kitu, tunasimama tu dirishani.

Nikimpoteza pale, sina dada.

Jumatano, 25 Februari

Doña Tránsito mwenye duka la tortiya alikuja na amri ya kamati ya mtaa. Alisema watoto wameulizwa Yuda wa mwaka huu awe nani, nao wamemtaka kripa.

Baba, aliyezoea mayuda wa wanasiasa, aliuliza ni mbunge wa wapi.

Doña Tránsito akacheka mpaka akakaa. Akamwonyesha picha kwenye simu. Baba aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akauliza, "Mikono yake iko wapi?"

"Hana."

"Sasa Yuda asiye na mikono alizipokeaje zile fedha?"

"Siku hizi wanatumiana kwa simu, Don Evodio. Umebaki wewe."

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana, na badala ya kufurahi nilikasirika, kana kwamba amechukua kitu bila ruhusa. Doña Tránsito alipotoka alinibinya shavu akaniambia, "Mwalimu, cheka na wewe, meno hayaibiwi." Simpendi mwanamke huyu. Mwaka jana, gauni la Otilia lilipoungua, alisimama mbele kabisa akicheka.

Ijumaa, 27 Februari

Kiunzi cha matete kimesimama. Kinafanana na kabati lenye miguu.

Jumapili, 1 Machi

Baba aliniomba nimwonyeshe mnyama anavyotembea. Alisema hajawahi kumtengeneza mtu asiyejua mwendo wake. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamtafuta kripa mmoja bondeni, nikajiacha nikifuatwa. Baba alitazama mara tatu, nne, jinsi anavyosogea, anavyosimama, anavyovimba.

"Anakula nini?"

"Hali."

"Anaiba?"

"Haibi."

"Basi anafaidi nini?"

"Hafaidi kitu, Baba. Anakufa."

Akajikuna gundi iliyokauka kwenye vidole. Kisha akasema, "Masikini. Anataka kusogea karibu tu."

Hapo ndipo alipokiona kilima nyuma yangu na kuuliza ile ni nyumba ya nani. Ningeweza kuzima. Nilimwingiza ndani. Alilitambua jiko kabla sijafika mlangoni, akasema vikombe viko upande usio wake, mama yenu aliviweka kushoto kwa sababu bega la kulia lilikuwa linamuuma. Sikujua kama Mama alikuwa anaumwa bega.

Nilivihamisha vikombe. Otilia alipoingia jioni aliviona mara moja. Akaandika kwamba ni kweli, vilikuwa kushoto, akaniuliza nimekumbukaje. Nikamwandikia kwamba vimenijia tu.

Jumanne, 3 Machi

Baba aliomba kukaa nyuma yangu wakati tunaandikiana. Aliapa kwa kaburi la Mama kwamba hatasema kitu, na kwa muda hakusema. Nilimsikia akipumua. Kisha kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua: "Muulize kama anakula."

Nikauliza. Otilia akajibu kwamba anakula maharage, na mkate mwingi kupita kiasi. Baba akaitikia kwa kichwa mbele ya skrini, kama vile anaonekana.

Naamini leo nimefanya jambo jema. Nimelala na imani hiyo na sijapata usingizi.

Alhamisi, 5 Machi

Tabaka la tatu la karatasi. Joto.

Jumatatu, 9 Machi

Nilirudi kutoka shule nikakuta kompyuta ina joto. Baba yuko uani, ananyoosha karatasi kwa umakini wa mtu aliyetoka kuiba. Nilimuuliza aliandika nini. Alisema alimuuliza tu kama huko kuna baridi, na kama yule dereva anamtendea vizuri.

"Umeandika kwa jina langu."

"Jina lako nilikupa mimi."

"Baba, akijua hatarudi tena mle."

"Ndiyo maana nimeandika maneno machache. Wewe una maneno mengi, mimi nimeyapunguza."

Nilitaka kumfokea. Lakini alikuwa amevilazimisha vidole vyake vigumu kuandika herufi moja moja mchana kutwa, na aliniambia alichojibiwa neno kwa neno bila kukosea, kama sala. Yule dereva anamtendea vizuri. Kule asubuhi kuna baridi. Otilia amepata kazi ya kuchora mabango ya maduka.

Sikubadilisha ufunguo.

Jumatano, 11 Machi

Kila jioni tunabandika karatasi pamoja naye ananiuliza habari za utotoni mwetu, asije akajikwaa akiandika. Tulikuwa tunaitanaje? Tulificha wapi sigara? Kijana wa kwanza wa Otilia alikuwa nani, na wa kwangu? Mama alikuwa akituimbia nini umeme ukikatika? Namweleza yote. Hajawahi kunisikiliza hivi maisha yangu yote. Kuna wakati nasahau kwamba hanisikilizi mimi.

Ijumaa, 13 Machi

Tulikuwa tunakula kapirotada, mkate wa Kwaresima wenye sharubati na jibini, ambao Baba hutengeneza kama Mama, na karafuu nyingi mno. Aliweka kijiko chini.

"Dada yako ana mimba. Ya miezi mitano. Usimwambie kwamba najua."

Alikuwa ananiambia mimi nisimwambie Otilia jambo ambalo Otilia alidhani ameniambia mimi. Ilinichukua muda kulikunjua.

Nikamuuliza kwa nini Otilia anamficha. Baba alisita, kisha akanipa na hilo, maana halikuwa lake kulificha wala kulitoa. Otilia ameandika kwamba anaogopa Baba akijua, mwakani atatundika nguo za mtoto.

Hakumaliza chakula chake. Nilimsikia uani akikoroga gundi iliyokwisha kuwa tayari.

Jumapili, 15 Machi

Mijakaranda imechanua barabara nzima, zambarau mpaka kwenye mitaro. Yuda amekauka na Baba ameanza kumpaka kijani. Anapendeza kwa namna ya kuhuzunisha, mrefu kuliko mlango, kichwa cha mraba, mdomo umeshuka. Mguu wa nyuma wa kushoto umebaki mweupe. Baba hafanyi Yuda yeyote akamaliza. Kisigino cha kushoto hukiacha bila rangi mpaka siku yenyewe, la sivyo, anasema, atajiona amekamilika na kuondoka zake kabla ya kuchomwa. Babu alifanya hivyo pia. Tukiwa wadogo Otilia na mimi tulikuwa tukiamka mapema Jumamosi Takatifu kugombania brashi.

Alhamisi, 19 Machi

Mle ndani ya mchezo, ubavuni mwa jiko la Mama, kuna chumba kipya. Baba amekijenga nikiwa shule. Kuta za mbao nyeupe, dirisha linalotazama mto, kitanda kidogo. Otilia anadhani ni mimi. Aliniandikia jana kwamba alipokiona alilia kazini, na kwamba atakuja Jumamosi Takatifu, peke yake, atafikia kwa Doña Tránsito, nisimwambie Baba.

Baba aliyasoma kabla yangu. Amefua mapazia. Amepaka chokaa choo. Ameniuliza, huku akitazama kwingine, kama wajawazito wanaruhusiwa kukaa karibu na fataki.

Niliingia chumbani mle nikakaa kwenye kitanda kidogo. Kona ya kushoto, chini, kuna pengo la matofali mawili. Nilidhani hajamaliza.

Ni furaha hii? Naiandika ili niitazame. Naona kama tumebeba sinia lililojaa mayai, sisi watatu, na mmoja wetu hajui kwamba amebeba.

Jumamosi, 21 Machi

Joto kali. Sikuandika kitu.

Jumatatu, 23 Machi

Otilia ameniuliza kama namkumbuka paka wa Mama. Nilimwambia tulimwita Meya. Akaandika "sawa" na kutoka.

Jumatano, 25 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, maana mpangilio ndio pekee nilionao.

Nilirudi mapema, wanafunzi wana mapumziko. Baba alikuwa amekwenda kuagiza fataki. Nilifungua dunia yetu nikajikuta ndani ya jiko, na jiko lilikuwa giza. Kwenye mchezo huu mienge ndiyo ulinzi wenyewe, kwa kuwa wanyama hawazaliwi penye mwanga. Tulikuwa tumeiweka kila pembe tangu tukiwa wasichana. Yote ilikuwa imeng'olewa. Mlango ulikuwa wazi. Otilia alikuwa amesimama katikati.

Aliandika: "Nani?"

"Mimi. Mbona giza?"

"Mimi nani?"

"Zulema. Una nini?"

Alikawia. Kisha maneno yakaja kwa haraka, alivyo yeye. Aliandika kwamba kwenye chumba cha mtoto, kona ya kushoto chini, aliona pengo. Alidhani nimesahau, akaliziba. Kesho yake lilikuwa wazi tena, mahali pale pale. Akaliziba tena. Likafunguliwa tena.

"Wewe hujawahi kuacha kitu bila kumaliza," aliandika. "Ulikuwa unalia mpaka Baba akupe brashi. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeacha kisigino."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, kwenye chumba changu, jua linaingia, na sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

"Kama ni wewe," aliandika, "niambie kitu kimoja asichokijua Baba."

Nilianza kuandika kuhusu sigara juu ya paa, nikafuta. Nilikuwa nimemwambia. Kijana wa duka la baiskeli, nilikuwa nimemwambia. Wimbo wa umeme ukikatika, siku tuliyoiba pete ya Mama tukairudisha, jina ambalo Otilia alitaka kulibadili, lile jina la kitoto tuliloitana. Nilipita chumba hadi chumba ndani ya kichwa changu, na kila chumba Baba alikuwa ameshakaa, na gundi yake vidoleni. Sikuwa nimemwachia dada yangu hata kitu kimoja.

Hatimaye niliandika: "Nilitaka mpatane."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

"Amebadilika, Otilia. Anafua mapazia."

"Mimba yangu nilimwambia nani?"

Niliondoa vidole kwenye herufi.

"Nilimwambia nani, Zulema? Niliyemwambia naogopa alikuwa nani?"

Nikaandika ukweli. Neno moja, Baba.

Nyuma yake, mlangoni, nilimwona kripa. Alikuwa amekipanda kilima taratibu kama wanavyofanya, na uso ule wa mfiwa. Nilikuwa na upanga. Kubonyeza mara mbili kungetosha. Otilia alimwona pia. Aligeuka akamtazama, kisha akanigeukia mimi, na hakusogea. Ndipo nilipoelewa kwamba mlango haukusahauliwa. Nami sikusogea. Mnyama akaingia kati yetu, akasimama pale Mama alipokuwa akisimama kukanda unga, akavimba.

Moshi ulipoisha palikuwa na shimo. Rafu ya vikombe ilikuwa imebaki nusu, inaning'inia hewani, maana kwenye mchezo vitu havianguki. Sisi wote wawili tulikuwa tumekufa na kuzaliwa upya chini ya kilima, bega kwa bega, kama kawaida ya mchezo, na hilo lilikuwa la kuchekesha ila hakucheka mtu.

Aliandika mara ya mwisho:

"Baba alinichoma mbele ya watu wote, nikajua nimkimbie nani. Wewe ulinikumbatia."

Akatoka.

Alhamisi, 26 Machi

Hayupo.

Ijumaa, 27 Machi

Hayupo. Dagaa.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Imenyesha, mvua isiyo ya msimu wake, matone makubwa ya mchana wa joto. Tulikimbia kumfunika Yuda kwa maturubai, Baba upande mmoja mimi mwingine, na chini ya maturubai hayo, tumelowa, nilimwambia. Sikuwa nimethubutu siku nne nzima. Nilimwambia Otilia amejua na hatakuja.

"Ulimwambia?"

"Pengo lako limemwambia. Lile la kona."

Maji yalimchuruzika kidevuni. Nilidhani atalia au atanipiga. Uso wake ukafunguka.

"Amekumbuka kisigino," alisema.

Kati ya yote yaliyotokea, alisikia hilo tu. Nilimtazama mzee huyu niliyedhani ni katili, kisha nikadhani ni mpole, na nikaona kwamba hajawahi kuwa mojawapo. Angekula sumu kwa ajili ya Otilia. Angempa na Otilia, ili mradi wakae meza moja.

Jumatano, 1 Aprili

Baba ameingia kwenye mchezo mwenyewe na kukaa kwenye shimo siku nzima. Amelizungushia mienge. Anafukia.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Nilikwenda kununua tortiya. Doña Tránsito hakunitania. Aliniita nyuma ya mashine, akaniambia chumba alichokuwa amemtandikia Otilia ameshakitandua, amepigiwa simu asimngoje. Alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, anafuta tena.

"Mwaka jana nilicheka, mwalimu. Nilicheka kwa sababu kila mtu alicheka. Lile gauni nilimshonea mimi, la kumalizia shule. Mshono wa kiunoni niliujua hata ukiwa unaungua."

Alinifungia tortiya, akaongeza nyingine juu. Nilikuwa nimemhukumu mwanamke huyu mwaka mzima kwa kicheko kimoja. Mimi nilichofanya hakuna aliyekicheka.

Jumamosi Takatifu, 4 Aprili

Walimtundika saa za asubuhi kati ya paa la duka na nguzo ya taa. Watoto walishangilia. Alining'inia kijani kibichi chini ya anga jeupe, miguu minne hewani, fataki zimefungwa kiunoni na shingoni kama shanga. Tumboni, kwa desturi, mna peremende na mikate ya kuwarushia watu.

Baba hakuwa amepaka kisigino. Alisimama chini na kopo la rangi akiitazama barabara kuelekea kituo cha mabasi. Watu wa fataki walimuuliza kama waanze. Aliwaambia wangoje. Jua likapanda. Watoto walianza kupuliza kati ya meno wakimwita mnyama wao apasuke. Mtu wa kamati akapiga mluzi. Baba akasema basi la Monterrey huchelewa siku za sikukuu.

Doña Tránsito ndiye aliyemwendea. Alimshika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu: "Kompadre, ndugu yangu, hakuna anayekuja. Maliza kazi yako."

Alipanda ngazi. Alipaka kisigino taratibu, mpaka ndani ya kunjo, kama mtu anayemvisha mtoto soksi. Akashuka akatoa ishara.

Mlipuko wa kwanza ulikata miguu, wa pili tumbo. Mikate ikaruka, peremende zikamwagika, watoto wakajirusha chini wakikanyagana. Kichwa kilibaki kwenye kamba, kinazunguka, na ule mdomo. Kisha nacho kikaenda. Sikulia. Kipande cha karatasi kilichoungua kilitua kwenye nywele za Baba, nikakiondoa.

Jioni alikuja mlangoni kwangu. Mikono yake ilikuwa bado myeusi kwa baruti, alikuwa ameishikilia mbele yake asichafue kitu.

"Mwandikie," alisema. "Usimtaje baba. Mwambie samahani, mambo ya dada kwa dada. Wewe atakuamini tena, muda ukipita. Mimi nitakaa nyuma tu. Sitagusa kitu."

"Na akikuuliza kama upo nyuma?"

"Utasema sipo."

Alisema hivyo bila hila hata kidogo. Nilimpenda sana wakati ule, naandika hili kwa kuwa ni kweli. Nilimwambia ni usiku, akalale.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Nilijijua. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Nilijua leo ningemkatalia, kesho ningemkatalia kwa upole, na Jumanne, akikaa mezani na kijiko chini bila kula, ningevuta kiti na kumwachia nafasi nyuma yangu.

Kwa hiyo asubuhi, kengele zikilia, kabla hajaamka, nilikwisha fanya. Nimempelekea Otilia dunia nzima kama ilivyo, na shimo lake, na chumba cha mtoto. Nimemwandikia kwamba ni yake sasa, iko kwenye mashine yake, abadilishe ufunguo na asinipe. Hata nikimwomba asinipe. Hata nikimwandikia kwamba nalia, kwa kuwa hatakuwa na njia ya kujua ni nani anayelia. Nimemwambia nikitaka kumwona nitapanda basi, nitasimama mlangoni kwake na uso wangu, naye akitaka ataufunga.

Kisha nimeifuta kwangu. Mashine iliniuliza kama nina hakika, nikaijibu.

Hajanijibu yeye. Labda hatanijibu.

Baba ameamka, ameoga, amevaa shati la Pasaka. Amepita kwenye mlango wangu mara mbili kabla ya kuuliza kama kompyuta ni nzima. Nimemwambia ni nzima, ila ndani yake hamna mtu tena.